Namna ya Kufasiri Shairi la Kicheko kwa Picha: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimepewa shairi kuhusu kicheko nilifasiri kwa picha, nianzie wapi?" "Sijui kuchora uso, nitafanyaje?" "Niandike maneno ya shairi juu ya picha au niyaache?" Na kazi za wanaoanza nazo zinafanana mno: uso wa duara, mdomo wazi, safu ya meno meupe, nyuma yake njano tupu. Shairi liwe la kejeli, la uchungu au la mtoto anayetekenywa, picha inayotoka ni hiyo hiyo.

Nianze na msimamo wangu, maana hatua zote zinazofuata zinaufuata. Mtu anayecheka anaweza kuchorwa bila shairi lolote. Ukishapewa shairi, unachotakiwa kuchora ni kile ambacho shairi hilo linakifanyia kicheko: linakikuza, linakivunja, linakishuku, linakificha. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya mwongozo huu haina rangi hata tone.

Andaa haya kabla hujaanza

- Shairi lenyewe, umelinakili kwa mkono kwenye upande mmoja wa karatasi, ukiacha nafasi pana kati ya mishororo. Kulisoma kwenye simu hakutoshi, kwa sababu utahitaji kulichorachora.
- Penseli mbili, moja ngumu kidogo (HB) na moja laini (4B au 6B), pamoja na kifutio.
- Karatasi nyingi za rasimu, zile ambazo hazikuumi ukizichana.
- Karatasi moja nzuri kwa kazi ya mwisho. Ukitumia rangi za maji, tafuta yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hiyo hujikunja ikilowa. Kwa mkaa wa kuchorea, chagua yenye uso wa kukwaruza kidogo ili unga wa mkaa ushike.
- Chombo kimoja tu cha kazi ya mwisho: mkaa, rangi za maji, akriliki, au vipande vya karatasi na gundi kwa ajili ya kolaji. Kimoja. Anayeanza akichanganya vinne huishia kupigana na vifaa badala ya shairi.
- Kioo kidogo cha mkononi.

Kama shairi unalichagua mwenyewe, chukua fupi, beti mbili hadi nne. Utenzi mrefu una mambo mengi mno kwa karatasi moja.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga beti mbili za tarbia, yaani zenye mishororo minne kila mmoja, tuzitumie kama mfano hadi mwisho:

*Kicheko kimepasuka, kimejaa ukumbini,*
*Mabega yatikisika, machozi tele shavuni,*
*Kumbe ndani ateseka, ana jiwe kifuani,*
*Acheka anayecheka, aliaye yumo ndani.*

*Wenziwe wamezunguka, wacheka hawamuoni,*
*Kila neno likitoka, mbavu zauma jamani,*
*Mlango ukifungika, kimya chakaa kitini,*
*Acheka anayecheka, aliaye yumo ndani.*

Sasa tufanye kazi.

Hatua ya 1: Lisome kwa sauti, mikono mitupu

Weka penseli mbali. Soma shairi zima kwa sauti, kisha lisome tena polepole, kisha mpe mtu mwingine akusomee huku umefumba macho. Kama uko peke yako, jirekodi kwa simu ujisikilize.

Usitafute maana bado. Sikiliza pumzi inakatikia wapi, wapi sauti inapanda, wapi ulimi unakwama. Katika mfano wetu kila mshororo unakatika katikati, mizani nane na nane, na kwenye mkato kuna kina cha "ka". Usome kwa haraka: kimepasuka, yatikisika, ateseka, anayecheka. Ka, ka, ka, ka. Kicheko kiko ndani ya vina kabla hata hujakifikiria. Upande wa pili vina vyote ni "ni", sauti nyembamba inayofungia mdomo ndani. Kipande cha kwanza cha mshororo huitwa ukwapi, cha pili utao. Andika pembeni: *ukwapi una makelele, utao una unyamavu.* Sentensi hiyo moja itakuja kugawa karatasi yetu.

Hatua ya 2: Ujue ni kicheko gani

Hapa ndipo wengi hupita mbio, nami nakuomba ukae.

Kiswahili hakina kicheko kimoja. Mtu huangua kicheko, hucheka chini kwa chini, hukenua meno, hujichekesha, hucheka kwa kebehi, hucheka kwa aibu, hucheka kwa sababu wakubwa wamecheka. *Mcheka kilema hafi bila kumfika*: hicho ni kicheko kilicho silaha. *Ukicheka na nyani utavuna mabua*: hicho ni kicheko cha ulegevu, cha mtu aliyepaswa kukunja uso akashindwa. Vicheko hivi viwili haviwezi kuwa na picha moja. Cha kwanza kina mtu anayeumia upande wa pili, na picha isiyomwonyesha, au isiyoonyesha hata kivuli chake, imekosa nusu ya jambo. Cha pili kina hasara inayokuja baadaye. Picha yake lazima iwe na dalili ya kesho.

Jiulize maswali matatu, na uyajibu kwa maandishi:

Nani anacheka? Nani anachekwa? Nani anasikia?

Kwa shairi letu: anayecheka ni mmoja, kisha wenziwe. Anayechekwa hayupo, wenziwe wanayacheka maneno ya huyo mmoja. Anayesikia ni msomaji peke yake, kwa kuwa wenziwe "hawamuoni". Basi mtazamaji wa picha yangu anapaswa kuona kitu ambacho watu waliomo ndani ya picha hawakioni. Huo tayari ni uamuzi wa kisanii, na bado sijachora hata mstari.

*Tahadhari:* usijibu "kicheko ni furaha". Mchoraji wa China Yue Minjun amejenga jina lake tangu miaka ya 1990 kwa kuchora uso wake mwenyewe ukicheka mdomo wote, macho yamefumbwa kabisa, ukirudiwa tena na tena kwenye miili inayofanana. Hakuna anayesimama mbele ya picha zile akaona furaha. Ule urudiaji ndio unaotia hofu.

Hatua ya 3: Tafuta mahali shairi linapogeuka

Karibu kila shairi zuri la kicheko lina pindo: mahali ambapo ulichodhani unakijua kinabadilika. Mara nyingi kuna neno linalofungua mlango huo: kumbe, lakini, ila, hata, mwishowe. Lizungushie duara.

Letu ni "Kumbe" kwenye mshororo wa tatu. Kabla yake tuko nje ya mtu, baada yake tuko ndani. Picha yako inahitaji pindo kama hilo, yaani mahali ambapo jicho la mtazamaji litakwama na kubadili mawazo. Kama shairi halina pindo, kwa mfano ni la kicheko kitupu cha watoto, usilibuni. Picha yake itakuwa ya mwendo mmoja usiokatika, na hilo nalo ni jibu halali.

Hatua ya 4: Orodhesha vinavyoshikika, kisha ufute

Andika kila kitu ndani ya shairi ambacho kinaweza kuonekana au kuguswa. Kwetu: ukumbi, mabega, machozi, shavu, jiwe, kifua, watu waliozunguka, mbavu, mlango, kiti. Acha nje maneno kama mateso na furaha. Hayo ni matokeo, mtazamaji atayafikia mwenyewe akipewa vitu sahihi.

Sasa futa mpaka vibaki vitatu. Inauma, lakini futa. Kigezo ni hiki: nikikiondoa kitu hiki, je, pindo la shairi linabaki? Mabega na mbavu zinaweza kuondoka. Jiwe haliondoki. Kiti hakiondoki, maana ndicho kinachokaliwa na kimya.

Tazama pia vitu vimepangwaje. Kwenye ubeti wa kwanza mahali panapungua kila mshororo: ukumbini, shavuni, kifuani, ndani. Chumba kizima, halafu uso, halafu kifua, halafu sehemu isiyo na jina. Nikiugeuza mpangilio huo kuwa picha, napata maumbo yanayoingiana, kubwa likimeza dogo, mpaka kwenye kitu kidogo cheusi ambacho ni jiwe. Sikulazimika kubuni mpangilio. Shairi lilikuwa nao. Mara nyingi linakuwa nao, mradi mtu asome mwisho wa kila mshororo badala ya kukimbilia "ujumbe".

Hatua ya 5: Geuza sauti iwe alama

Kicheko ni sauti na picha ni kimya. Daraja kati yake ni mdundo.

Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, alipima na kukuta kwamba kila "ha" huchukua kama sekunde 0.075 na kwamba kutoka mwanzo wa moja hadi mwanzo wa nyingine ni kama sekunde 0.21. Yaani karibu tano kwa sekunde, kwa nafasi zinazolingana. Aligundua pia kwamba kicheko hupungua nguvu kuelekea mwisho, na kwamba mtu hucheka *ha ha ha* au *he he he*, lakini kwa kawaida haruki kutoka "ha" kwenda "he" kisha kurudi. Kwa mchoraji hayo ni maelekezo matatu ya bure:

1. Alama ziwe za umbo moja.
2. Nafasi kati yake zilingane.
3. Nguvu ipungue kadiri unavyoendelea.

Chukua penseli laini au kipande cha mkaa. Kwenye karatasi ya rasimu piga mkwaruzo mmoja mpana, mzito, kwa ubavu wa mkaa. Bila kuinua kiwiko, piga wa pili karibu nao, mwepesi kidogo, na wa tatu, na wa nne, mpaka wa mwisho uwe vumbi tu. Jaza karatasi nzima kwa mifululizo kama hiyo: mmoja wa kicheko cha kishindo, mmoja wa mtu anayejizuia (alama fupi, zimebanana, mkono umebana), mmoja wa kebehi (alama mbili tatu tu, kavu, zenye ncha). Cheka kwa sauti wakati unachora. Utajiona mjinga, lakini mkono hufuata pumzi, na tofauti inaonekana mara moja.

Kisha jaribu kuvunja kanuni moja kwa makusudi. Fanya nafasi zisilingane, au fanya nguvu isipungue bali ibaki ile ile mpaka ukingo wa karatasi. Utaona alama zimeanza kuonekana za uongo, kama mtu anayelazimisha kucheka. Kwa shairi letu hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta: mfululizo usiochoka, unaozunguka ukumbi mzima kwa nguvu moja. Kicheko cha kweli kingekuwa kimeshafifia.

Mtaliano Umberto Boccioni alilikabili tatizo hili kwenye mchoro wa rangi za mafuta wa mwaka 1911 uitwao *Kicheko* (kwa Kiitaliano *La risata*), ambao sasa uko kwenye MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Ndani ya mgahawa mwanamke anacheka, na kila kilichomzunguka, meza, taa, kofia za wateja, kimevunjwavunjwa vipande na kutawanyika. Kicheko kimetoka usoni kikaingia kwenye fanicha. Utafute mtandaoni uutazame kwa makini, kisha uufunge. Usiuchore.

Hatua ya 6: Vijichoro vidogo

Gawa karatasi ya rasimu katika visanduku vya kama sentimita 5 kwa 7. Katika kila kimoja chora wazo moja kwa muda wa dakika mbili. Lenga visanduku vinane. Usichore undani, weka giza, mwanga na maumbo makubwa tu.

Viwili vitatu vya kwanza vitakuwa vile ambavyo kila mtu angechora: uso unaocheka na tone la chozi, kinyago nusu furaha nusu huzuni. Acha vitoke, kisha vipige mkasi. Hasa kinyago cha nusu kwa nusu. Kimetumika mpaka kimechakaa.

Vyangu vilivyobaki kwa shairi letu vilikuwa viwili. Cha kwanza: karatasi imegawanywa wima kama mshororo ulivyogawanyika, kushoto mikwaruzo ya kicheko imejaa, kulia nafasi tupu yenye kiti kimoja kidogo. Cha pili: ukumbi umejaa mikwaruzo kutoka pembe zote, inaelekea katikati, na katikati kuna kiti ambacho juu yake limewekwa jiwe. Cha kwanza ni safi lakini kinatoa siri mapema; mtazamaji anaielewa kwa kuitupia jicho mara moja. Cha pili kinamfanya atafute. Nilichukua cha pili, na mgawanyo wa wima nikauacha uonekane kidogo tu kama ufa wa ukutani.

Hatua ya 7: Amua kuhusu uso

Swali la "sijui kuchora uso" linajibiwa hapa: unaweza kuuacha kabisa. Mgongo unaotikisika, mkono ulioshika mbavu, vikombe vilivyopinduka mezani, vyote hucheka.

Kama umeamua uso uwepo, yashike haya.

Kicheko hukaa machoni zaidi kuliko mdomoni. Daktari Mfaransa Duchenne de Boulogne alionyesha kwenye kitabu chake cha mwaka 1862 kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo unaweza kuamrishwa, lakini ule unaozunguka jicho huitika kwa furaha ya kweli. Unapokaza, shavu hupanda, chini ya jicho panavimba, na mikunjo hutawanyika kwenye kona ya nje. Chora mdomo umecheka na macho wazi yasiyo na mikunjo, na mtazamaji atashuku bila kujua kwa nini. Kwa mashairi ya kicheko cha kujificha hiyo ni silaha nzuri sana.

Tofauti ya kicheko na kilio ni ndogo kuliko unavyodhani. Leonardo da Vinci aliandika katika maandishi yake kuhusu uchoraji kwamba anayecheka na anayelia hawatofautiani sana macho, mdomo wala mashavu. Nyusi ndizo zinazosema. Za anayelia husogeleana na kupanda katikati, za anayecheka huachana. Chukua kioo ujaribu: cheka mdomo wote, kisha bila kugusa mdomo sogeza nyusi zikutane. Uso uligeuka, sivyo? Mstari mmoja wa penseli juu ya kila jicho unatosha kubeba pindo la shairi. Rembrandt mwenyewe alijitazama kiooni akachonga kwenye shaba uso wake unaocheka, mwaka 1630, picha yenye upana wa sentimita chache tu, kwa hiyo usione haya.

*Tahadhari ya meno:* usichore kila jino. Mistari ya kutenganisha meno huyafanya yaonekane ya fuvu. Acha ukanda mmoja mweupe, uufunike kivuli kidogo kwenye kona za mdomo, basi. Na kumbuka meno wazi yalikuwa kashfa wakati fulani. Élisabeth Vigée Le Brun alipoonyesha Paris mwaka 1787 picha yake akiwa na binti yake, midomo imefunguka kidogo na meno yakionekana, watu walilalamika. Mdomo uliofungwa nao unaweza kutosha: picha ya Frans Hals ya mwaka 1624 inajulikana duniani kote kwa jina la mwungwana anayecheka, ilhali hacheki hata kidogo. Masharubu yamepinda juu, jicho lina uchokozi, yaliyobaki tumeyaongeza sisi.

Hatua ya 8: Rangi

Chagua rangi tatu, pamoja na nyeupe ya karatasi. Moja ya kicheko, moja ya kile kilicho chini ya kicheko, moja ya kuziunganisha. Njano si lazima. Kwa shairi letu nilitumia nyeusi, nyekundu iliyozimwa kwa kahawia, na kijivu. Nyekundu ilienda kwenye mikwaruzo, si kwenye jiwe. Jiwe likiwa jekundu, mtazamaji ameshaambiwa.

Jaribu rangi juu ya kijichoro kabla ya kugusa karatasi nzuri.

Hatua ya 9: Maneno yaingie au yasiingie?

Kanuni yangu: maneno yaingie kama yatafanya kazi ambayo picha haiwezi kuifanya. Kunakili ubeti mzima chini ya mchoro ni kumwambia mtazamaji asihangaike kutazama. Mwingereza William Blake alichonga maneno na picha pamoja kwenye bamba moja la shaba, mashairi yake ya mwaka 1789 yakiwemo, moja likiwa la kicheko. Lakini kwake herufi, majani na watu vimeota pamoja, hakuna kilichobandikwa juu ya kingine.

Ukitaka maneno, chukua kipande kidogo. Kutoka shairi letu ningechukua silabi "ka" tu, niirudie ndani ya mikwaruzo mpaka isisomeke. Kibwagizo ningekiacha nje, kwa sababu kinasema wazi kile ambacho picha inakificha.

Wanaofanya kolaji wana nafasi nzuri zaidi: chapa shairi, lichane, na ubandike vipande upande usio na maandishi ukiwa juu, herufi chache tu zikichungulia.

Hatua ya 10: Kazi ya mwisho

Hamisha kijichoro kwa kukigawa katika miraba na kuigawa karatasi kubwa vivyo hivyo, kwa penseli nyepesi. Anza na maumbo makubwa, kisha giza zito kabisa, halafu vya kati. Alama za mdundo zipigwe kwa mkono mzima kutoka begani, si kwa vidole. Ukizipiga kwa vidole zitakuwa nadhifu, na kicheko hakina unadhifu.

Kwa rangi za maji, acha sehemu nyeupe tangu mwanzo, kwani hairudishwi. Kwa akriliki, fanya haraka, inakauka ukiwa unaitazama. Kwa mkaa, usipumzishe kiganja juu ya karatasi, na ukimaliza inyunyizie dawa ya kushikisha mkaa, nje au dirisha likiwa wazi.

Simama ukiwa bado unataka kuongeza kitu kimoja.

Hatua ya 11: Ipeleke kwa mtu asiyelijua shairi

Usimweleze chochote. Muulize maswali mawili: "Unasikia nini?" na "Jicho lako limesimama wapi?" Akijibu la kwanza kwa kutaja aina fulani ya kicheko, na la pili kwa kuonyesha mahali ulipoweka pindo, kazi imekaa. Akisema "ni nzuri", uliza tena.

Baadaye msomee shairi umtazame usoni. Kama anarudi kuitazama picha wakati unasoma, umefika.

Ikiwa unatakiwa kuambatanisha maelezo, andika sentensi tatu: shairi linafanya nini na kicheko, nimechagua mahali gani ndani ya shairi, na nimelifanya jambo hilo kwa alama au rangi gani. Usisimulie shairi upya.

Mambo yanayokwama, na namna ya kuyakwamua

*Picha inaonekana kama tangazo la dawa ya meno.* Umefuata mdomo. Funika mdomo kwa kipande cha karatasi utazame kilichobaki. Kama hakuna kicheko tena, rudi hatua ya 5 uitafutie picha mdundo nje ya uso.

*Kila kitu kinapiga kelele, jicho halijui pa kukaa.* Hakuna mahali pa kimya. Kicheko kinahitaji ukimya pembeni ili kisikike. Futa au funika theluthi moja ya picha, kuanzia pembe iliyo mbali na pindo.

*Mtazamaji anaona huzuni tu, kicheko hakipo.* Hutokea sana kwa mashairi kama hili letu. Umependa mno mshororo wa tatu ukausahau wa kwanza. Kicheko kikuzwe kwanza, kijaze karatasi; jiwe lipungue mpaka liwe dogo kuliko unavyopenda.

*Shairi linachekesha lenyewe, ni la mzaha mtupu, na picha imetoka na uso wa mazishi.* Angalia kasi. Mzaha unaishi kwenye ghafla: kitu kimoja kisicho mahali pake kati ya vitu vilivyo mahali pake. Panga vitu sita kwa utulivu kamili kisha cha saba kikose adabu.

*Sielewi shairi.* Usichore usichokielewa, lakini pia usisubiri kulielewa lote. Chukua mshororo mmoja unaoukubali na uufanyie hatua zote kuanzia ya 4. Wengine huja kulielewa shairi penseli ikiwa mkononi.

*Mwalimu au mteja anasema picha "haifanani na shairi".* Muulize anazungumzia mshororo upi. Akiutaja, una la kurekebisha. Asipoutaja, mwonyeshe karatasi yako ya hatua ya 1 hadi ya 4, yenye duara kwenye neno lililogeuza shairi, na mzungumze kuanzia hapo.

*Nimeharibu karatasi nzuri.* Kama ni mkaa, futa kwa kitambaa kikavu. Doa litakalobaki lifanye kuwa ukuta. Kama ni akriliki, ikauke, kisha paka juu. Kama ni rangi za maji, kata sehemu nzima zilizobaki uzifanye kolaji, na mistari ya mkasi uifuate mikato ya mishororo.